Kusikiliza Albamu ya Pawa Metali Ukiwa Ruziba: Mwongozo wa Kuanzia

Mwongozo huu ni wa mtu wa Bujumbura, awe wa Ruziba, Kanyosha, Buyenzi au kokote Kiswahili kinakosikika kando ya ziwa, ambaye aliwahi kusikia sekunde chache za pawa metali akazima. Alisikia gitaa zinakimbia, ngoma zinafyatuka na mtu anaimba kwa sauti ya juu mno, akasema hii ni fujo tu. Nimeupenda muziki huu kwa miaka mingi, na naamini wengi walioukataa hawakuusikia. Walipewa wimbo mmoja, ukaanzia katikati, kwenye spika ya simu, soko likiendelea na mambo yake. Katika hali hiyo hata kwaya bora ya parokia ingesikika kama ugomvi.

Kinachotakiwa ni kuchukua albamu moja nzima, kuisikiliza kwa mpangilio wake tangu mwanzo hadi mwisho, kwa chombo kinachoonyesha kilichomo ndani yake. Yaliyobaki katika mwongozo huu ni namna ya kulifanya jambo hilo bila kumaliza faranga zako wala masikio yako.

Muziki wenyewe ni upi

Pawa metali ni tawi la hevi metali lililoota Ujerumani katikati ya miaka ya 1980. Walioliotesha walikulia kwenye Iron Maiden na Judas Priest wa Uingereza, na kwenye bendi ya Rainbow, iliyotoa albamu ya *Rising* mwaka 1976 ikiwa na mwimbaji Ronnie James Dio. Utaitambua kwa mwendo wa kasi, melodi inayoimbika, sauti ya juu iliyo safi isiyonguruma, na hadithi za safari, ushujaa na mapambano ya nuru na giza. Ukisikia mtu ananguruma kama simba toka mwanzo hadi mwisho, uko kwenye tawi jingine la metali. Halina ubaya, ila mwongozo huu hauhusu huko.

Kwa nini albamu nzima

Aliyezoea tenzi atanielewa upesi. *Utenzi wa Tambuka*, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hausomwi kwa kuchomoa beti tatu za katikati. Kuna ufunguzi, kuna safari, kuna vita, kuna mahali msimulizi anapompa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi. Watunzi wa pawa metali hupanga albamu kwa akili hiyohiyo. Huanza na kipande kifupi cha ala kinachofungua mlango, hufuata wimbo wa kasi, katikati huja wimbo wa taratibu, na karibu na mwisho huwekwa wimbo mrefu unaobeba hadithi kuu.

Ukichomoa wimbo wa kasi peke yake unabaki na kasi tu, na kasi huchosha haraka. Ukiusikia baada ya ukimya wa ufunguzi, au mara tu wimbo wa taratibu unapoisha, kasi ileile inakuwa tukio ndani ya hadithi.

Masikio ya kufanyia kazi hii unayo tayari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wa kwetu hudhani muziki huu unahitaji masikio ya Ulaya.

Simama karibu na kundi la wapiga ingoma, ngoma za Burundi. Katikati kuna inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashakwe zinashikilia mdundo mmoja usiokatika, kama sakafu ya nyumba. Ibishikizo zinafuata na kujibu kila inachoamuru inkiranya. Ukishajua kugawa masikio yako katika kazi hizo tatu, umeshajifunza nusu ya pawa metali.

Msikilize sasa mpiga dramu wa pawa metali. Miguu yake miwili inagonga ngoma kubwa kwa zamu bila kukoma. Wimbo ukienda kwa mapigo 160 kwa dakika, na miguu ikigonga mara nne katika kila pigo, unapata vishindo zaidi ya 10 kwa sekunde. Hiyo ni kazi ya amashakwe. Mikono yake, kwenye ngoma ndogo yenye mlio mkali na kwenye matoazi, ndiyo inayoitikia na kukata sentensi. Uongozi unashikwa na mwimbaji, au gitaa wakati wa solo. Anayeona fujo huwa anajaribu kuvisikia vyote kwa mara moja. Tulia kwenye miguu kwanza, halafu panda juu.

Wala si mara ya kwanza kwa roki na ngoma za Burundi kukutana. Wapiga ingoma walirekodiwa mwaka 1967 na sauti zao zikatolewa kwenye sahani ya lebo ya Ocora ya Ufaransa. Mwaka 1971 rekodi hiyo ilitandikwa chini ya ala za roki katika wimbo ulioitwa *Burundi Black*. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia katika albamu yake *The Hissing of Summer Lawns*, na mwaka 1980 Adam and the Ants wa London walijenga albamu yao *Kings of the Wild Frontier* juu ya wapiga dramu wawili na mdundo walioutoa kwenye ngoma hizo za Burundi. Hiyo yote ilikuwa kabla UNESCO haijaiweka ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, mwaka 2014.

Masikio yako ya pili ni ya kwaya. Aliyewahi kuimba sauti ya tatu au ya nne kanisani anajua raha ya kufuata sauti iliyo chini ya sauti kuu. Viitikio vya pawa metali vimejengwa hivyo, kwa tabaka za sauti zilizorekodiwa moja juu ya nyingine, na mara nyingi kiitikio cha mwisho hupandishwa ufunguo. Wanakwaya wanajua kwa nini jambo hilo humwinua mtu kitini.

Vifaa na maandalizi

Spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za chini. Miguu ya mpiga dramu inageuka kuwa mtatariko, besi inapotea kabisa, na kinachobaki ni gitaa na matoazi yanayokwaruza. Tafuta hedifoni za kufunika sikio au za kuingiza sikioni, hata za bei ndogo, mradi pande zote mbili zinalia sawa. Jaribu dukani kabla ya kulipa, maana katika muziki huu gitaa moja huwekwa kushoto na jingine kulia, na upande mmoja ukifa umepoteza nusu ya mazungumzo.

Suala la data lina hesabu rahisi. Albamu isiyofika dakika 40, ikiwa katika ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, hula kama megabaiti 35. Katika ubora wa kilobiti 320 hula kama megabaiti 90. Chini ya 128 usishuke, kwa sababu matoazi huanza kusikika kama maji yanayochemka. Nashauri uipakue mara moja na kuihifadhi kwenye simu, kuliko kuivuta upya kila unaposikiliza. Umeme ukikatika, au mtandao ukizubaa, hutakwama katikati ya wimbo wa dakika 13.

Kuna tatizo jingine ambalo huharibu albamu nyingi bila mtu kujua. Nyimbo zikijazwa kwenye kadi ya simu, mara nyingi hupangwa kwa herufi. Chukua *Keeper of the Seven Keys Part I* ya bendi ya Helloween. Kwa mpangilio wa herufi, *Follow the Sign*, kipande cha kufungia albamu, kinakuja cha tatu. *Initiation*, ambacho ni mlango wa kuingilia, kinakuja cha saba, baada ya wimbo ambao kilitungwa kuutangulia. Msikilizaji anasema albamu haieleweki, kumbe anasikiliza kitabu kilichochanwa kurasa.

> KISANDUKU CHA 1: Kabla hujabonyeza
>
> □ Nyimbo zote zipo, nazo zimepangwa kwa namba 01, 02, 03, si kwa herufi.
> □ Kuchanganya nyimbo ovyo kumezimwa.
> □ Nafasi ya kimya kati ya wimbo na wimbo imeondolewa, maana vipande vingi huungana.
> □ Hedifoni zinalia pande zote mbili.
> □ Betri inatosha saa moja na zaidi.
> □ Arifa za simu zimenyamazishwa.
> □ Sauti iko karibu na nusu, usizidishe asilimia 60.
> □ Watu wa nyumbani wanajua hutasikia ukiitwa.

Kikao cha kwanza, hatua kwa hatua

Albamu ya kuanzia ni hiyohiyo *Keeper of the Seven Keys Part I*, ya mwaka 1987. Helloween ni bendi ya Hamburg. Kwenye albamu yao ya kwanza, *Walls of Jericho* ya mwaka 1985, mpiga gitaa Kai Hansen alikuwa akiimba mwenyewe. Kisha walimchukua kijana wa miaka 18, Michael Kiske, na sauti yake ndiyo iliyoonyesha bendi nyingi zilizofuata njia ya kupita. Ni albamu fupi, na kila kiungo cha pawa metali kimo ndani yake.

1. Chagua saa. Usiku ndio bora, wavuvi wakishatoka na taa zao na barabara ya Rumonge imepungua magari. Mchana wa siku ya soko si wakati wake.

2. Kaa, usifanye kazi nyingine. Kwa albamu za baadaye unaweza kuosha vyombo au kukunja nguo. Kwa hii ya kwanza, hapana.

3. Acha *Initiation* ipite bila kuirukia. Inachukua muda mfupi tu. Kazi yake ni kukutoa kwenye mambo ya mchana.

4. *I'm Alive* ikianza, fuata miguu ya mpiga dramu peke yake. Anaitwa Ingo Schwichtenberg. Usijali maneno. Ukishaipata ile sakafu, panda kwenye gitaa, halafu kwenye sauti ya Kiske.

5. Katika nyimbo mbili zinazofuata, shika viitikio. Jaribu kuvitarajia kabla havijafika. Utashangaa mara ngapi utapatia, kwa sababu melodi zake zimepangwa ili mtu wa kawaida aziimbe.

6. *A Tale That Wasn't Right* ni mahali pa kupumulia. Ni wimbo wa huzuni, wa taratibu. Sikiliza hapa jinsi mwimbaji anavyoanza chini na kupanda kwa ngazi. Huyu ndiye yule uliyedhani anapiga kelele.

7. *Future World* ni furaha tupu. Wacha mguu wako ucheze.

8. Kwenye *Halloween*, weka alama za safari. Ni wimbo wa dakika 13 hivi, na hapa wengi huanguka. Usiusubiri uishe. Kila muziki unapobadilika mwendo, jiambie kimoyomoyo: "hapa tumeingia chumba kingine." Wenye kufanya hivyo hufika mwisho bila kuona urefu.

9. *Follow the Sign* ikiisha, vua hedifoni, kaa kimya kidogo. Usirukie albamu nyingine usiku huohuo.

10. Rudia albamu hiyohiyo siku nyingine, ukiwa na maneno yake mbele yako. Kwa asiyejua Kiingereza sana, tafsiri ya simu inatosha kupata hadithi, hata kama itapotosha mistari.

Kama baada ya kusikiliza mara ya pili bado hakuna kitu kilichokushika, pumzika wiki moja, kisha ingia kwa mlango wa tano katika ngazi iliyo hapa chini, wa Angra. Kwa masikio ya huku kwetu, mlango huo hufunguka kwa wengine waliogomewa na Helloween.

Ngazi ya albamu

*1. Keeper of the Seven Keys Part I (1987).* Tumeshaimaliza.

*2. Keeper of the Seven Keys Part II (1988).* Isikilize ukiwa na ya kwanza kichwani, kwa sababu ni pacha. Katika *Eagle Fly Free*, ngoja sehemu ya solo: gitaa zinapokezana, kisha besi inapewa nafasi yake, kisha dramu. Besi na dramu husahaulika katika bendi nyingi, hapa zimepewa zamu ya kusema mbele ya watu. Wimbo unaobeba jina la albamu nao unazidi dakika 13.

*3. Gamma Ray, Land of the Free (1995).* Kai Hansen aliondoka Helloween baada ya albamu iliyotangulia, akaanzisha Gamma Ray. Kwenye albamu hii alirudi kuimba mwenyewe. Sauti yake si safi kama ya Kiske, ina mikwaruzo, na kwangu hiyo ndiyo nguvu yake: unamsikia mtu anayeamini anachoimba. *Rebellion in Dreamland*, wimbo wa kwanza, unabadilika sura mara kadhaa lakini haupotezi njia hata mara moja. Kiske mwenyewe amekuja kuimba *Time to Break Free*, marafiki wawili wakakutana tena. Ningelazimishwa kubaki na albamu moja tu ya pawa metali maisha yangu yote, ningechagua hii, na sihitaji kufikiri mara mbili.

*4. Stratovarius, Visions (1997).* Twende Ufini. Jambo la kusikiliza ni kinanda cha Jens Johansson, mtoto wa Jan Johansson, mpiga piano wa jazi wa Uswidi. Kinanda na gitaa la Timo Tolkki vinakimbizana kama watu wawili wanaojuana vizuri. Anza na *Black Diamond* kama una haraka ya kujua ninachosema, halafu rudi mwanzo wa albamu kama inavyotakiwa.

*5. Angra, Holy Land (1996).* Hii ni ya São Paulo, Brazili, na ndiyo ninayompa mtu wa Bujumbura kwa moyo mmoja. Inazungumzia Brazili ya wakati Wareno walipofika, mwaka 1500. Imefunguliwa na kwaya ya muziki wa kanisa wa Palestrina, mtunzi wa Italia wa karne ya 16, kisha gitaa zinaingia. Ifuatilie hadi *Carolina IV*, wimbo unaozidi dakika 10. Unaanza kwa ngoma za mikono na uimbaji wa pamoja, ngoma zilizovuka bahari na watu waliotolewa Afrika kwa nguvu. Halafu, bila mshono kuonekana, metali inaingia juu ya ngoma hizo, na hakuna upande unaomkaribisha mwenzake kama mgeni. Rudia dakika mbili za mwanzo kwa utulivu. Mtu aliyekua na ingoma ataisikia hesabu ya mikono kabla mtu wa Hamburg hajaishika. Mwimbaji, Andre Matos, alikuwa amesomea utunzi na uongozaji wa okestra. Alifariki Juni 2019. Jina la wimbo wa mwisho linamtaja Lusifa na linaweza kumshtua mtu, lakini wimbo wenyewe ni kipande kifupi cha utulivu cha gitaa na sauti.

*6. Rhapsody, Symphony of Enchanted Lands (1998).* Waitalia wa Trieste waliotaka okestra, kwaya na metali viishi nyumba moja. Kwa wengine ni nyingi mno, kwangu inatosha kabisa. Katika mwendelezo wake wa mwaka 2004 msimulizi ni mwigizaji Christopher Lee, ambaye mwaka 2010, akiwa na miaka 87, alitoa albamu yake mwenyewe ya metali kuhusu mfalme Charlemagne.

*7. Myrath, Legacy (2016).* Hawa ni Watunisia, na muziki wao umechanganya pawa metali na metali ya mipango tata. Mtu wa Buyenzi aliyelelewa na taarabu nyumbani atazitambua fidla na mizani ya Kiarabu mara moja. Sauti ya Zaher Zorgati ina mapambo ya koo ambayo Wajerumani hawana.

*8. Blind Guardian, Nightfall in Middle-Earth (1998).* Weka hii mwisho. Ina vipande 22, vingi ni vifupi vya kuunganisha hadithi iliyotolewa katika *The Silmarillion* ya Tolkien, na inazidi saa moja. Hansi Kürsch amejirekodi tabaka juu ya tabaka hadi mtu mmoja akawa kijiji kizima. Bila mazoezi ya albamu zilizotangulia itakuelemea. Ukiwa nayo, utaomba isiishe. Soma muhtasari wa hadithi kabla ya kusikiliza, hata ukurasa mmoja. Hapo ndipo utajua nani anazungumza katika kila kipande na kwa nini ana hasira.

Wengi watakuuliza kuhusu DragonForce wa London, ambao wimbo wao *Through the Fire and Flames* wa mwaka 2006 ulienea kupitia mchezo wa video. Mwimbaji wao wa wakati huo, ZP Theart, ni wa Afrika Kusini. Wana kipaji kikubwa, ila kasi yao haina mahali pa kukaa, na usianzie kwao. Kwa Afrika Mashariki yenyewe, jina lililosikika nje zaidi ni Duma wa Nairobi, albamu yao ikitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Inastahili kusikilizwa, lakini ni muziki mkali wa mashine na mayowe, mbali na melodi tunazozitafuta hapa.

> KISANDUKU CHA 2: Tahadhari
>
> Masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kadiri sauti inavyopanda, muda unapungua haraka sana. Ukivua hedifoni ukasikia mvumo au mlio usiokuwepo chumbani, ulizidisha: pumzisha masikio hadi kesho. Mvumo ukidumu siku kadhaa, nenda kwa mganga wa masikio.
>
> Barabara. Usisikilize ukiwa kwenye baiskeli au unatembea kando ya barabara kuu. Muziki huu unafunika honi.
>
> Mtoto mdogo. Usimvishe hedifoni zako kwa sauti uliyoizoea wewe.
>
> Malipo. Ukiipenda albamu, tafuta njia ya kuinunua au kuisikiliza mahali wenyewe wanapolipwa. Bendi nyingi za aina hii si tajiri.

Wakikuuliza kama ni muziki wa shetani

Ruziba ni mahali pa watu wa ibada, na swali hili litakuja, pengine kutoka kwa mama yako. Usilijibu kwa ubishi wala kwa kucheka. Ana sababu: majalada ya metali huwa na mafuvu na mazimwi, na kuna matawi ya metali yanayojitangaza wazi kuwa kinyume na kanisa.

Fanya hivi:

1. Mweleze kwa heshima: "Mama, hizi ni hadithi za mashujaa, njoo nikuonyeshe maneno yake."
2. Chagua wimbo wa taratibu, umsomee maana yake kwa Kiswahili au Kirundi.
3. Kama anataka zaidi, mtafutie bendi zenye imani ya Kikristo waziwazi: Narnia wa Uswidi, waliotoa *Awakening* mwaka 1998, au Theocracy wa Marekani, waliotoa *Mirror of Souls* mwaka 2008.
4. Akikataa bado, vaa hedifoni zako na muziki ubaki kwako. Nyumba ni yake.

Nawe mwenyewe soma maneno ya kila albamu mpya kabla ya kumpa mdogo wako. Zipo chache ambazo mimi nisingempa.

Makosa yanayojirudia

Kosa kubwa ni kuanzia kwenye mkusanyiko wa "nyimbo bora". Unapata vilele kumi mfululizo bila bonde hata moja, na masikio yanachoka kabla ya wimbo wa tano.

La pili ni kuongeza sauti ili usikie vizuri zaidi. Rekodi nyingi za miaka ya 1980 zilitengenezwa kwa sauti ya chini kuliko za leo, kwa hiyo *Keeper* itasikika ndogo ukitoka kwenye albamu mpya. Subiri dakika mbili, masikio yatazoea.

Wapo wanaoruka nyimbo za taratibu. Wapo wanaopima mpiga gitaa kwa idadi ya noti anazopiga, wakati solo nzuri ya pawa metali unaweza kuiimba kwa mdomo. Jaribu: solo ikiisha, imba vipande vyake vya mwanzo. Ukiweza, imetungwa vizuri. Kipimo hiki kimenisaidia kuliko maoni ya wataalamu.

Kusikiliza kwa kikundi

Baada ya albamu tatu au nne, tafuta wenzako. Watu wanne au watano wanatosha, spika moja nzuri, na ua ambalo jirani hana mgonjwa wala mtoto mchanga. Kama miongoni mwenu yupo mpiga ingoma au mwanakwaya, mkalisheni karibu na spika, kwa sababu yeye ndiye atakayesikia mambo ambayo ninyi mmeyapita.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

1. Mmoja analeta albamu, na anasema kwa dakika mbili tu ni ya nani, ya mwaka gani na hadithi yake ni ipi.
2. Albamu inachezwa yote. Hakuna kuzungumza wimbo ukiendelea. Kati ya upande wa kwanza na wa pili, pale sahani ya zamani ingegeuzwa, mnaweza kusimama kunywa kitu.
3. Mwishoni kila mtu anataja mahali pamoja palipomshika, na kuparudisha wengine wapasikie. Mtu wa ngoma atataja mdundo, mtu wa kwaya atataja kiitikio, na mpenda hadithi atauliza shujaa aliishia wapi.
4. Ambaye hakuipenda aseme, na aseme ni wapi. Kusema "kelele" hakutoshi.
5. Mumalize saa mbili na nusu usiku au mapema zaidi, majirani wakiwa bado macho.
6. Anayechagua albamu ya wiki ijayo asiwe aliyechagua ya leo. Mkianza na Helloween, mpeni mwanakwaya zamu ya pili, na mumwekee *Holy Land* mezani.